Spika ya Kushoto

Mzee Mustafa Chitanda ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Magomeni, Mtwara. Haya ninayoyasimulia amenieleza mwenyewe, leo kipande hiki, kesho kile, tena kwa kucheka. Wakati yanatokea hakucheka, wala mwanzoni hakumwambia mtu, hata mkewe.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa dereva wa winchi bandarini. Zile winchi za zamani injini ilikuwa inaungurumia mgongoni mwa dereva, na siku hizo hakuna aliyepewa kitu cha kuzibia masikio. Mwenye akili alijiziba kwa pamba, wengine walizoea. Mustafa alizoea. Msimu wa korosho ulipopamba moto alipanda winchini asubuhi akashuka magharibi, na katika miaka yote hiyo hakudondosha mzigo hata mmoja. Ukitaka kumfurahisha, mkumbushe hilo.

Mwaka 1989 baharia mmoja wa meli iliyokuja kuchukua korosho alimuuzia amplifaya na spika mbili za mbao, ndefu, kila moja inamfika mtu kiunoni. Mustafa alizitoa bandarini kwa mkokoteni, mkewe Warda akitembea nyuma kashika spika moja isianguke, na mtaa mzima ukatoka nje kutazama. Tangu siku hiyo zimekaa sebuleni mwake, moja upande wa mlango, nyingine upande wa dirisha, na kiti chake katikati. Kaseti zilipokwisha kulika, fundi alimwekea waya wa kuunganisha simu, akaendelea. Kila siku baada ya swala ya alasiri tunasikia muziki wa dansi ukitoka kwake, sauti ya kadiri, ya mtu mstaarabu.

Mwaka huu sauti ilianza kupanda. Mwanzoni kidogo, halafu ikawa mke wangu Martha hawezi kuzungumza na simu jikoni kwetu mpaka ahamie uani. Alinituma mara mbili nikaongee na mzee. Mara zote mbili nilifika mlangoni, nikamwamkia, akaniitikia vizuri, nikarudi na maneno yangu tumboni. Nitamwambiaje mtu wa umri ule apunguze redio ndani ya nyumba yake?

Kumbe naye alikuwa na shida yake. Baada ya Sikukuu ya Idi aliona spika ya kushoto, ile ya upande wa mlango, imeanza kufifia. Ilikuwa inapiga, lakini kama inapigia chumba cha pili. Aliigonga kwa kiganja. Alichomoa waya, akazikwangua kwa kisu, akazirudisha. Akaongeza sauti. Ya kulia ikapiga kelele, ya kushoto ikabaki kule kule mbali.

"Mama Muzamil," alimwambia mkewe, "hii spika inanifia."

Warda alikuwa anapepeta mchele mlangoni. "Si hiyo tu, yote imechoka," alijibu. "Mwambie mtoto akununulie nyingine, watu tupumzike."

Lakini Mustafa hakulisikia lile la kupumzika. Alisikia "nyingine" tu, na hakulipenda.

Muzamil, mtoto wao wa kwanza, anauza vipuri vya magari Dar es Salaam. Alipopigiwa simu hakufikiri hata dakika moja. "Baba, hicho kitu kina umri mkubwa kuliko mimi. Kitupe. Nakutumia sabufa, ndogo, unachomeka flashi, unaunganisha na simu bila waya. Utaniombea dua."

"Mwanangu, hiki ni chuma. Sabufa zenu ni plastiki."

"Plastiki inayopiga, baba, na chuma kisichopiga, wewe unachagua kipi?"

Mustafa alikata simu akiwa amekasirika kidogo. Kesho yake alikodi bajaji akapakia amplifaya na spika zote mbili, akaenda Chikongola kwa fundi Emmanueli.

Emmanueli ni fundi redio mwenye kibanda nyuma ya maduka ya vitenge, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuja Mtwara na marehemu baba yake aliyekuwa mwalimu, akabaki. Ukiingia kibandani kwake unapokelewa na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na redio zilizofunguliwa matumbo zimekaa rafu nzima kama wagonjwa wanaosubiri zamu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa. Mkono wa kushoto umepooza. Niambie ukweli, anatibika au nimzike?"

Emmanueli alicheka. Akamwambia aiache siku tatu, na kabla hajaondoka akamwonyesha jambo moja, kwa kuwa ni mtu asiyeficha ufundi wake. "Ukitaka kujua tatizo liko wapi, mzee, badilisha waya. Ya kushoto peleka kulia, ya kulia lete kushoto. Ugonjwa ukihama, unajua uko kwenye amplifaya. Ukibaki pale pale, unajua ni spika."

Siku ya tatu Mustafa alirudi. Emmanueli alikuwa amekunja uso.

"Mzee, nimeiwasha asubuhi, mchana na jioni. Kushoto kunapiga sawa na kulia. Ina uchakavu wake, sikatai, kuna mambo tunaweza kurekebisha. Lakini hilo la kushoto kufa sijaliona. Labda ni waya za nyumbani kwako, au umeme. Rudi nayo, mimi nitakuja kuangalia nikipata nafasi. Leo sichukui kitu, sijafanya kazi."

Mustafa alirudi nayo nyumbani akaifunga upya, akakaa kwenye kiti. Kushoto bado kulikuwa mbali. Alibadilisha waya kama alivyofundishwa. Ugonjwa haukuhama, kwa hiyo ni spika. Basi akabadilisha spika zenyewe, akaziburuta sakafuni peke yake hadi jasho likamtoka, ya dirishani akaileta mlangoni. Na ile nzima, aliyoiamini, ilipofika mlangoni nayo ikafifia. Alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika kiuno. Akajiambia, Emmanueli naye amezeeka, hajui kazi tena.

Wiki hiyo Warda alifunga mzigo wake akaenda Mahurunga. Kwao ni huko, na ana shamba la mpunga kwenye bonde karibu na mto Ruvuma, analolima na dada yake Ashura. Kila mwaka huenda kuvuna. Mwaka huu alikwenda mapema kidogo, na mumewe hakuuliza kwa nini.

Siku mbili baada ya Warda kuondoka, kondakta wa basi la Dar alipiga simu: kuna mzigo wa Mzee Chitanda. Ilikuwa sabufa. Muzamil hakuwa amesubiri ruhusa.

Mustafa aliliweka boksi mezani, akalizunguka kutwa nzima bila kulifungua. Baada ya alasiri, akiwa peke yake na nyumba imemkalia kimya, akasema basi, ngoja tuone hicho kiburi cha plastiki. Akalifungua. Kulikuwa na boksi kubwa la katikati na vispika viwili vidogo. Akaviweka juu ya spika zake za zamani, kimoja mlangoni, kimoja dirishani, akachomeka, akaunganisha simu baada ya kuhangaika sana, akakaa.

Cha dirishani kilipiga, safi kabisa. Cha mlangoni kilikuwa mbali.

"Nilidhani nyumba ina shetani," aliniambia. Aliinuka akakichukua kile cha mlangoni akakileta mpaka dirishani, akakaa tena. Kikapiga vizuri. Akakirudisha mlangoni. Kikafifia. Hapo ndipo, bila kujua anatafuta nini hasa, alipokamata kiti chake akakigeuza, akakaa ameupa muziki mgongo na uso ameelekeza ukutani.

Sasa cha mlangoni kilipiga. Cha dirishani ndicho kilichokuwa mbali.

Alikaa vile vile akitazama ukuta mpaka wimbo ukaisha. Kisha akainua mkono wa kulia, akasugua vidole karibu na sikio la kulia. Akasikia vidole vinasuguana. Akainua mkono wa kushoto akafanya hivyo hivyo. Hakusikia kitu. Akasugua tena, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawaka moto. Kimya.

Mtu mwingine angesema ni jambo dogo, sikio moja. Lakini Mustafa alimjua Fredi. Fredi aliendesha winchi ya jirani na yake miaka ishirini, na masikio yake yalianza hivyo hivyo, moja kwanza, halafu la pili likafuata. Mwisho wake Fredi alikuwa anakaa kwenye msiba pembeni, anatazama midomo ya watu, wakicheka naye anacheka, amechelewa. Watu wakachoka kupaza sauti, wakaacha kumsemesha. Mustafa mwenyewe alikuwa mmoja wa walioacha. Hilo ndilo lililomchoma.

Na mambo mengine yakaanza kumrudia. Bodaboda iliyompita karibu imkanyage, dereva akimtukana kwamba amepiga honi mara tatu. Imamu kumuuliza jambo msikitini na yeye kumkalia kimya. Na yeye alikuwa anasema ni spika.

Akazima sabufa. Akaifunika kwa kanga, hata ile ya zamani akaifunika. Siku tano nyumba ile haikutoa sauti. Martha, aliyekuwa amelalamika miezi miwili, ndiye aliyesema kwanza: "Mbona kwa mzee kimya? Nenda kamwangalie." Nilikwenda, akaniambia anapumzika. Nikaamini.

Siku ya sita alifika Emmanueli na mkoba wake wa vifaa, kuangalia waya za nyumbani kama alivyoahidi. Mustafa alikuwa amekaa kwenye kiti, ubavu wa kushoto mlangoni. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi! Hodi mzee!"

Kimya. Emmanueli akapiga hodi mara ya tatu, akaingia hatua moja, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo." Mustafa alikuwa anatazama dirisha. Alipogeuka akaona kivuli cha mtu, akashtuka mpaka akaangusha kikombe.

Emmanueli aliinama. Aliokota kikombe, akavuta stuli, akaja kukaa upande wa kulia. Akatazama kanga zilizofunika vyombo, akatazama boksi la sabufa.

"Mzee wangu," akasema, "sisi mafundi tuna kanuni. Kabla hujanunua kipya, kabla hujatengeneza cha zamani, pima kila kitu. Amplifaya tumepima. Spika tumepima. Naona na kipya umekileta ukakipima. Kimebaki kitu kimoja hatujakipima."

"Nakijua," Mustafa alijibu haraka, kabla hakijatajwa.

"Unakijua tangu lini?"

"Siku sita."

"Mama anajua?"

"Yuko Mahurunga. Nawe usimwambie."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe." Emmanueli alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mama yangu mzazi, Theresia, alipoteza sikio akakaa mwaka mzima anatuficha. Tulipompeleka hospitali, daktari alisema angekuja mapema angemsaidia zaidi. Sikutishi, mzee. Inawezekana si kitu, inawezekana ni kitu. Ila redio iliyofungwa hakuna fundi anayeweza kuisemea. Mpaka uifungue."

Mustafa akauliza, kama mtoto, "Utanisindikiza?"

Walikwenda kesho yake asubuhi, kwa pikipiki ya Emmanueli, mzee akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Walikaa kwenye benchi la hospitali mpaka karibu adhuhuri. Mganga wa masikio alikuwa mwanamama anayeitwa Magreth, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kufundishia darasa. Alimulika sikio la kulia, akaguna. Akamulika la kushoto, akakaa nalo muda mrefu. Mustafa anasema katika muda ule aliahidi sadaka tatu.

"Mzee, masikio unasafisha na nini?"

"Na unyoya."

"Unyoya upi?"

"Wa kuku. Nilifundishwa na bibi yangu. Nasafisha kila Ijumaa kabla ya swala."

Magreth alizima tochi yake. "Basi tangu ulipofundishwa na bibi mpaka leo, kila Ijumaa, ulikuwa unasukuma uchafu ndani. Umeshindilia nta humu kama mtu anayeshindilia pamba kwenye mto. Sioni ngoma ya sikio kabisa. Naona ukuta."

Mustafa alimtazama Emmanueli, akamtazama mganga. "Kwa hiyo si winchi?"

"Sijui bado. Nyuma ya ukuta kunaweza kuwa na sikio zima, kunaweza kuwa na sikio lililoharibika. Siwezi kukuahidi. Nakupa dawa ya matone, ilainishe, siku tano. Uje tuoshe. Na huo unyoya mrudishie kuku."

Alirudi nyumbani na chupa ndogo mfukoni na nusu ya hofu yake. Nusu nyingine ilibaki.

Siku ya nne ya matone Warda akarudi kutoka Mahurunga, na magunia mawili ya mpunga juu ya gari la mizigo. Alimkuta mumewe amelala sebuleni mchana, kalalia ubavu wa kulia, sikio la kushoto juu, pamba imechomekwa. Alisimama mlangoni. Kanga kwenye redio, chupa ya dawa sakafuni.

"Baba Muzamil, unaumwa?"

Hakusikia, maana sikio zima lilikuwa limezibwa na mto aliolalia. Warda alimgusa bega. Mustafa akainuka akakaa, na kwa kuwa alikuwa ameshtukizwa na hakuwa na uongo tayari, akamweleza yote. Spika. Kiti alichokigeuza. Fredi. Unyoya. Kesho ndiyo siku ya kuoshwa, na mganga hajaahidi kitu.

Warda alikaa chini, pale pale sakafuni, na kanga yake ya safari. Akaanza kulia.

"Si kitu cha kulia," Mustafa alimwambia. "Ni nta tu, inshallah."

"Sililii hilo," Warda akasema. Ilibidi aseme mara mbili. "Mimi nilidhani umeninunia."

"Nimekununia? Kwa lipi?"

"Sijui! Ndiyo nilikuwa natafuta ni kwa lipi! Kitandani mimi nalala kushoto kwako. Nakusemesha, hujibu. Nakuuliza jambo, unageukia ukuta. Miezi mitatu. Nikasema labda ni kwa sababu niliwapa Ashura na watoto wake lile shamba la juu bila kukuuliza vizuri. Nikasema labda umechoka na mimi, wanaume wengine wakistaafu huwa hivyo. Nilikwenda Mahurunga mpunga haujakauka sawasawa, kwa kuwa nyumba ilikuwa nzito. Nikamwambia Ashura, sijui kama nitarudi mapema."

Mustafa anasema hajawahi kuona aibu kama ile, na hajawahi kuona furaha kama ile, na vilikuja pamoja. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake kama Fredi, na kumbe kwa kuficha hofu hiyo alikuwa amemwacha mkewe peke yake tayari. Akamwambia Warda ahame, aje akae kulia. Wakakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, Warda anasema maneno ya miezi mitatu, yeye anajibu moja moja. Lile la shamba alijibu kwamba hakuwa hata anajua limegawiwa. Warda alicheka mpaka akafunika uso.

Kesho yake walikwenda wote wawili hospitali. Magreth alimfunga taulo begani, akampa Warda bakuli la chuma alishike chini ya sikio, akajaza bomba la sindano maji ya vuguvugu. Bomba la kwanza halikutoa kitu. La pili likatoa maji ya kahawia. La tatu Mustafa alihisi kitu kinahama ndani ya kichwa, kama jiwe linalobingirika, halafu likadondoka bakulini, likalia ti! juu ya chuma.

Na ile "ti" aliisikia kwa sikio la kushoto.

Halafu vikaja vyote kwa pamoja. Bomba la maji linalovuja kwenye sinki. Ndara za mtu anayepita nje. Mlango unaolia bawaba. Karatasi aliyoigusa Magreth ilisikika kana kwamba inachanwa. Warda alikuwa anapumua karibu naye, akasikia pumzi zake. Alitazama bakulini: kulikuwa na kitu cheusi, kikubwa kuliko punje ya kunde.

"Subhanallah," alisema Warda. "Kwa kitu hiki."

Magreth alisimama nyuma ya mzee upande wa kushoto, akanong'ona, "Umekula nini asubuhi?"

"Muhogo wa kuchemsha," Mustafa akajibu, "na sikushiba."

La kulia nalo lilikuwa na nta kidogo, likaoshwa, kisha akapimwa tena kwa vyombo. Magreth hakumdanganya: winchi ilikuwa imekula sehemu yake, zile sauti nyembamba za juu hazitarudi, na kila mwaka aje aangaliwe. Lakini ngoma ya sikio ilikuwa nzima, na kushoto na kulia sasa vilikuwa karibu sawa. Mustafa aliona hiyo ni habari njema kuliko aliyoiombea. Walipotoka getini alitaka kutembea kwa miguu, asipande chochote, ili asikie mji. Walitembea mpaka nyumbani.

Sisi tuliokuwa nje jioni ile tulimwona kupitia mlango ulio wazi akifunua kanga. Akawasha redio yake ya zamani, akakaa kwenye kiti, akafumba macho. Dakika moja haikupita akafumbua.

"Nani ameiharibu?"

Chini ya muziki kulikuwa na mvumo, mmm, usiokatika. Kila ngoma ilipopigwa, spika ya kulia ilitoa mlio wa karatasi iliyochanika. Ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo wake. Mwimbaji alisikika kama anaimba akiwa na mafua.

Warda alikuwa ameegemea mlango, amejishika mbavu. "Hiyo ni ya miaka mitatu sasa, Baba Muzamil. Nilikuwa nakwambia yote imechoka. Ulidhani nilitaka sabufa kwa ajili ya nini?"

"Na mmekuwa mkivumilia?"

"Tungefanyaje? Ulikuwa unaipenda."

Mimi nilikuwa nasikiliza pale nje, ukutani kwake, na sikuweza kujizuia, nikacheka kwa sauti. Mzee akaniita ndani. Akaniuliza kama hata mimi nilijua redio imechoka, nikakiri. Hapo ndipo nilipoyaeleza hata yale ya Martha na simu zake, na mzee akaenda mwenyewe mpaka jikoni kwetu kumwomba radhi. Martha aliona aibu kuliko yeye.

Baada ya siku mbili vyombo vilirudi Chikongola. Safari hii Mustafa alikwenda na Warda, na hakwenda na hasira wala ubishi. Emmanueli alifungua kila kitu mezani mbele yao akawaonyesha.

"Mbao hizi hazitengenezwi tena, nzito, hazijaliwa na mchwa. Mpira wa pembeni umechanika na karatasi imechoka. Hivyo nabadilisha, ni kazi ya siku mbili, zitapiga miaka. Lakini hii amplifaya..." Aligonga bati lake kwa bisibisi. "Huu mvumo naweza kuuondoa leo. Mwezi ujao utatokea mwingine. Vipuri vyake sivipati, nitakuwa naua redio nyingine ili kuilisha hii. Nikikwambia nitaitengeneza nitakuwa nakula pesa yako."

Mustafa aliitazama. Wiki tatu kabla, anasema, angeibeba akaondoka. Alijua sasa kwamba alichokuwa anakilinda hakikuwa kile chuma. Alikuwa anaogopa kwamba kikisemwa kimezeeka, na yeye amesemwa.

"Spika tengeneza," akasema. "Amplifaya ibaki hapa, itoe vipuri kwa wenzake. Una nyingine ndogo, iliyotumika, isiyovuma?"

Emmanueli alikuwa nayo. Aliiunganisha, wakaisikiliza wote watatu, na Mustafa akawa wa kwanza kusema inatosha, ipunguzwe, inapiga kelele.

Spika zilirudi Magomeni siku ya Jumamosi. Sauti inayotoka kwa mzee siku hizi ni ndogo kiasi kwamba Martha huniuliza kama leo amepiga au hajapiga. Sabufa Warda aliihamishia chumba cha ndani, ameichomeka flashi ya kaswida, na hataki iguswe.

Muzamil alipiga simu wiki ile kuuliza zawadi yake inaendeleaje. Mustafa aliiweka simu sikio la kushoto, makusudi, akamsikiliza mtoto mpaka mwisho.

"Inapiga vizuri sana," akamwambia. "Mshukuru Mungu, na mpigie mama yako umuulize yeye. Mimi siruhusiwi hata kubadilisha wimbo."